Barry Sanders: mtu anaachaje kazi kwa faksi akiwa bado wa moto?

#1 Ngwasuma06
Wakuu, salaam. Naishi Michigan, na kazini kwetu kuna wazee wa hapa hapa ambao ukitaka wasimamishe kazi nusu saa nzima, litaje tu jina la Barry Sanders. Wengine bado wana hasira naye hadi leo.

Kwa wasiomjua: alikuwa mkimbiaji wa Detroit Lions, misimu 10, kuanzia 1989 hadi 1998. Kwenye futiboli ya Kimarekani, mkimbiaji ndiye anayekabidhiwa mpira mkononi na kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi, halafu atajua mwenyewe pa kupenya katikati ya majitu ya kilo 130. Huyu alikuwa na sentimita 173 tu. Alimaliza na yadi 15,269. Rekodi ya wakati ule ilikuwa ya Walter Payton wa Chicago, yadi 16,726. Pigeni hesabu: zilibaki 1,457. Na msimu wake wa mwisho, ambao watu walisema ameshuka, alipata 1,491. Yaani msimu mmoja tu wa kawaida angekuwa namba moja duniani.

Julai 1999, ana miaka 31, kambi ya mazoezi ndiyo inakaribia kufunguliwa, akatuma faksi kwenye gazeti la kwao Wichita, Kansas. Alisema hamu yake ya kutoka imezidi hamu ya kubaki. Hakuita waandishi wala hakulia mbele ya kamera, na yeye mwenyewe akapanda ndege kwenda London.

Msimamo wangu: klabu ndiyo iliyomfukuza bila kumwandikia barua. Mnasemaje?

#2 Mzee_wa_Tandale
Faksi! Vijana wa humu wataanza kuuliza hiyo ni app gani.

Mkuu umeleta uzi mzuri ila umeuweka jukwaa la michezo, hapa watu wanajua Simba na Yanga tu. Nimevuta kiti.

#3 binti_pangani
Nimesoma mara mbili nikidhani yadi 1,457 ni umbali mkubwa. Kumbe ni kama kilomita moja na theluthi hivi? Mtu anashindwa kumalizia kilomita moja?

#4 Kipchumba_Eldy
@binti_pangani haha, huku kwetu hiyo ni warm-up ya mtoto wa shule. Lakini bana, jaribu kukimbia hizo huku kila hatua nne kuna lori linakugonga. Wastani wake maishani ni yadi 5 kila akipewa mpira. Mita nne na nusu, halafu chini. Amka, rudia. Amefanya hivyo zaidi ya mara elfu tatu.

#5 Ngwasuma06
@Kipchumba_Eldy umemjibu vizuri kuliko mimi. Shukrani.

#6 Bonde_la_Ufa
Jibu ni rahisi: alichoka kufungwa. Misimu 10 Detroit alishinda mechi MOJA tu ya mtoano. Ilikuwa Januari 1992, waliwapiga Dallas 38-6. Wiki iliyofuata wakaenda Washington wakala 41-10. Baada ya hapo hakuna kitu. Na baada ya yeye kuondoka, Lions hawakushinda mechi ya mtoano mpaka Januari 2024, walipowatoa Rams 24-23. Miaka 32, ndugu zangu. Kuna watu walizaliwa, wakaoa na wakazaa katikati hapo.

Tafuteni mbio yake ya yadi 47 kwenye ile mechi ya Dallas. Anaingia kwenye rundo la watu, kamera inampoteza, mabeki wanne wanadhani wamemaliza kazi, wengine wanaanza kulegeza mikono. Ghafla anachomoka upande wa pili, mpira mkononi, wao bado wamekumbatiana wenyewe kwa wenyewe. Akifika mwisho hachezi wala kupiga mpira chini, anampa refa mkononi, anaondoka. Kila mara alikuwa anafanya hivyo.

#7 Chuma_cha_Mjerumani
@Bonde_la_Ufa kufungwa si sababu. Wachezaji kibao wanafungwa miaka nenda rudi na mshahara wanachukua. Shida ilikuwa HELA. 1997 alisaini mkataba wa miaka 6, dola milioni 35 hivi, na ndani yake kulikuwa na milioni 11 za kusaini tu. Miaka miwili baadaye anaacha. Klabu ikasema rudisha milioni 5 na nusu. Upande wake ukasema sawa, tuachieni aende timu nyingine. Klabu ikakataa katakata. Mambo yakaenda kwa msuluhishi na mwaka 2000 ikaamuliwa arudishe.

Ukitazama hivyo, lile lilikuwa gemu la nani atapepesa jicho kwanza. Alitaka kuhama, wakamkomalia, naye akakomaa. Hakuna falsafa hapo.

#8 Ngwasuma06
@Chuma_cha_Mjerumani hela ingekuwa ndiyo shida asingeondoka. Mtu anayependa hela haachi misimu minne ya mkataba mezani halafu arudishe na nyingine. Huyu alipochukuliwa 1989 alitoa fungu la kumi kwa kanisa la kwao Wichita kutoka kwenye hela yake ya kwanza ya kusaini. Baba yake alikuwa fundi seremala na mwezeka paa mwenye watoto 11. Hawa watu wanajua maana ya shilingi na bado hawaiabudu.

#9 Chuma_cha_Mjerumani
Sikusema anapenda hela. Nimesema ugomvi ulikuwa wa hela. Soma vizuri, mkuu.

#10 Mzee_wa_Tandale
Kumeanza kunoga.

#11 Nesi_Dodoma_Kansas
Jamani, mimi ni muuguzi, nafanya kazi na wagonjwa walioumia uti wa mgongo. Hamjataja jambo moja na kwangu ndilo kubwa kuliko yote.

Novemba 1991, Mike Utley, mmoja wa wale waliokuwa wanamfungulia Sanders njia, aliumia shingo uwanjani akapooza kuanzia kifuani kwenda chini. Juni 1992, Eric Andolsek, naye wa mstari huo huo wa mbele, aligongwa na lori akiwa nyumbani kwake Louisiana, akafa. Desemba 1997, siku ile ile Sanders anavuka yadi 2,000 za msimu, mwenzake Reggie Brown alilala chini hapumui, wakampulizia pumzi mdomoni pale pale kwenye zulia la uwanja. Alipona na akatembea tena, lakini hakucheza tena.

Fikirieni hiyo siku ya mwisho. Watu 70 na kitu elfu wanataka kushangilia rekodi, na mwenzako yuko ndani ya gari la wagonjwa. Mimi nikimwona mgonjwa wa shingo, siku hiyo hata ngazi nashuka nimeshika ukingo. Sasa huyu kazi yake ni kurudi Jumapili ijayo kugongana.

#12 Bonde_la_Ufa
@Nesi_Dodoma_Kansas umenipa kitu cha kufikiria. Lakini mwenyewe hajawahi kusema aliogopa kuumia. Katika mechi 160 za ligi ambazo zingewezekana alicheza 153. Zile saba alizokosa, tano ni za goti mwaka 1993. Mwili ulikuwa mzima.

#13 Nesi_Dodoma_Kansas
Wanaume wangapi humu wamewahi kusema wameogopa? Wanyooshe mkono.

#14 Mzee_wa_Tandale
Kimya.

#15 winga_wa_Nakuru
Mimi nilicheza raga, winga. Niliacha nikiwa bado na kasi na hakuna aliyenielewa, hata mama. Sikuumia. Asubuhi moja tu begi la mazoezi liko mlangoni na mimi niko kitandani naliangalia, naona uvivu ambao si wa mwili. Kocha alipiga simu sikushika. Kwa hiyo hii ya faksi naielewa sana manze. Ukimwambia mtu ana kwa ana atakushawishi ubaki. Karatasi haishawishiki.

Na wakati huo nilikuwa naambiwa mfano wa Daniel Adongo, Mkenya mwenzetu aliyetoka kwa raga akaingia Indianapolis Colts 2013, eti nami nijaribu. Nikasema asanteni.

#16 Kipchumba_Eldy
@winga_wa_Nakuru pole bro. Ila ukweli ulikuwa unaachia mpira sana.

#17 winga_wa_Nakuru
Na wewe ulikuwa unauza maji pale uwanjani, tulia.

#18 Shekhe_Mtoro
Assalaam alaykum. Nadharia zote hizi zimesahau ushahidi mkubwa kuliko wote. Mtu huyu hajawahi kujali rekodi tangu siku ya kwanza.

Mwaka 1989, msimu wake wa kwanza, mechi ya mwisho, Detroit wanaongoza kwa raha zao. Kocha Wayne Fontes anamwambia: unahitaji yadi 10 tu umfikie mkimbiaji anayeongoza ligi nzima, rudi uwanjani. Kijana wa miaka 21 akasema hapana, waachie wengine wacheze. Akabaki na 1,470. Aliyechukua ubingwa alikuwa na 1,480.

Mtu aliyekataa yadi 10 akiwa na miaka 21 mnashangaa akikataa 1,457 akiwa na 31?

#19 Ngwasuma06
Shekhe umetisha.

#20 Lagos_to_Kigamboni
@Shekhe_Mtoro na mbona hukumtaja huyo wa 1,480? Ni CHRISTIAN OKOYE wa Kansas City Chiefs, Mnaijeria, mtoto wa Enugu! Alienda Marekani kurusha kisahani, hakuwa amegusa futiboli yao mpaka ana miaka 23. 1984 Nigeria haikumweka kwenye timu ya Olimpiki, ndipo akaamua kujaribu mchezo mwingine pale chuoni Azusa Pacific, California. Miaka mitano baadaye yeye ndiye mkimbiaji wa kwanza kwenye ligi yote. Kilo karibu 118, akija unahama njia. Walimwita Jinamizi la Nigeria.

Mke wangu wa Kigamboni ananiambia niache kelele, lakini hii historia ni yetu Waafrika.

#21 Mzee_wa_Tandale
Historia yenu Wanaijeria au yetu Waafrika? Mkishinda ni Naijeria, mkitaka kushangiliwa ni Afrika.

#22 Lagos_to_Kigamboni
😂😂 Mzee niache.

#23 Chuma_cha_Mjerumani
Okoye alimaliza na yadi chini ya 5,000, magoti yakamkatalia baada ya msimu wa 1992. Misimu sita. Hiyo ndiyo kazi ya mkimbiaji kwa wengi wao. Ndiyo maana nasema Sanders na misimu 10 alikuwa tayari kapita umri wa kazi hiyo. Labda alijua mwili wake kuliko daktari.

#24 Bonde_la_Ufa
Kwa hiyo umehama kutoka kwenye hela?

#25 Chuma_cha_Mjerumani
Nimeongeza, sijahama.

#26 mpwa_wa_Lubumbashi
Jambo kwenu wote. Mimi niko Ohio, huku watu ni wa Jim Brown, wa Cleveland Browns. Naye aliacha mapema, 1966, akiwa na miaka 30, misimu 9, yadi 12,312, anashikilia rekodi zote. Alikuwa Uingereza anacheza sinema, mwenye timu akamtishia faini kwa kuchelewa kambini, yeye akajibu basi naacha kabisa.

Na baba yake Barry alikuwa akisema kila siku, mbele ya mtu yeyote, kwamba mkimbiaji bora duniani ni Jim Brown, si mtoto wake. Sasa niwaulize: mtoto anayelelewa na baba wa namna hiyo, bora wa nyumbani kwao ni mtu aliyeondoka kileleni na hakurudi. Hamuoni kitu hapo?

#27 Shekhe_Mtoro
@mpwa_wa_Lubumbashi kidogo tu, Jim Brown wakati ule alikuwa bado hajafikisha hata hiyo 30 unayosema. Kazaliwa Februari 1936, msimu wake wa mwisho alicheza akiwa 29.

#28 mpwa_wa_Lubumbashi
Tangazo alilitoa Julai 1966. Februari ilishapita. 30.

#29 Mzee_wa_Tandale
Shekhe kapigwa chenga ya Barry hapo.

#30 binti_pangani
Mimi nimeangalia video usiku kucha badala ya kulala. Swali: mbona mara nyingi anakimbia KURUDI NYUMA? Kuna sehemu kapewa mpira, karudi mita kama nane, kazunguka uwanja wote, kapata mita mbili. Wengine wanaenda mbele tu moja kwa moja.

#31 Bonde_la_Ufa
@binti_pangani hapo umegusa ubishi mkubwa wa mashabiki, nani bora kati ya Emmitt na Barry. Emmitt Smith wa Dallas ndiye aliyekuja kuivunja rekodi ya Payton, Oktoba 2002, akamaliza na 18,355 katika misimu 15. Mbele yake alikuwa na ukuta wa akina Larry Allen, Nate Newton na Erik Williams. Njia inafunguliwa, anapita, yadi 4, yadi 6, yadi 4. Na ana pete tatu za Super Bowl, fainali ya ubingwa wa ligi.

Barry njia ikizibwa hakubali. Anarudi, anageuka, anasimama kabisa huku watu wanampita kwa spidi kama abiria aliyeshushwa njiani. Kuna siku inalipa: Oktoba 1997 dhidi ya Tampa Bay alipiga mbio mbili ndefu mpaka mwisho, moja yadi 80 na nyingine 82, mechi moja. Kuna siku hailipi: mtoano wa Desemba 1994 kule Green Bay alipewa mpira mara 13 akatoka na jumla ya yadi KUTOA MOJA. Lions walifungwa 16-12. Yaani kama Barry angebaki kwenye benchi wangekuwa wamepata yadi moja zaidi.

#32 Ngwasuma06
Usimseme vibaya. Ukuta wake nani aliujenga? Lomas Brown waliachia akaenda Arizona. Kevin Glover, senta wake (wa katikati ya ukuta) na rafiki yake, walimwachia baada ya msimu wa 1997 ili kubana matumizi. Na hapo ndipo ninaposema klabu ilimfukuza bila barua. 1997 amepata yadi 2,053, ameanza na mechi mbili mbovu za yadi 33 na 20, halafu mechi 14 MFULULIZO kila moja zaidi ya 100. Ametangazwa mchezaji bora wa ligi pamoja na Brett Favre, kwotabeki wa Green Bay. Shukrani yake ni kumwondolea Glover. Msimu uliofuata wameshinda mechi 5 na kufungwa 11. Kwenye kitabu chake cha 2003 mwenyewe ameeleza kwamba aliona klabu haina nia ya kushinda.

#33 Karani_Mstaafu
Hii #32 imenigusa. Nilikuwa mhasibu kwenye kampuni moja, sitaitaja. Tulifunga hesabu za mwaka vizuri kuliko mwaka wowote, mkurugenzi akatupongeza kwa keki. Wiki iliyofuata wakampunguza yule dada wa masijala aliyekuwa anajua kila faili liko wapi. Keki ilikuwa bado kwenye friji. Sikugombana na mtu. Niliendelea kufika saa mbili asubuhi, ila kuanzia siku ile nilikuwa nimeshaondoka. Barua niliandika miezi baadaye, mistari miwili.

#34 binti_pangani
Umenikumbusha ofisini kwetu. Naogopa hata kujibu.

#35 Kipchumba_Eldy
Kuna story pia kwamba alimheshimu Payton. Februari 1999 Payton alitangaza anaumwa ini, na Novemba mosi mwaka huo huo akafariki. Wanasema Barry hakutaka kumpita mtu anayekufa.

#36 Shekhe_Mtoro
Wanasema akina nani? Hiyo ni hadithi tamu ya kuwapa watu machozi. Angekuwa na sababu hiyo angesubiri mwaka mmoja arudi 2000, na hakurudi. Emmitt naye alimheshimu Payton na bado alimpita.

#37 Nesi_Dodoma_Kansas
Shekhe una ushahidi gani kwamba si kweli?

#38 Shekhe_Mtoro
Mwenye kudai ndiye mwenye kuleta ushahidi, dada yangu.

#39 Chuma_cha_Mjerumani
Kocha Bobby Ross hamjamtaja kabisa. Fontes alikuwa mtu wa kucheka na wachezaji. Ross alikuja 1997 na nidhamu za kijeshi. Ross naye alijiuzulu katikati ya msimu wa 2000, kachoka. Pale Detroit kila mtu alikuwa anachoka.

#40 Ngwasuma06
Kwa hiyo sasa una sababu tatu, mkuu: hela, mwili, kocha.

#41 Chuma_cha_Mjerumani
Mtu haachi kazi kwa sababu moja. Wewe ndiye unayetaka moja.

#42 Bonde_la_Ufa
Halafu kuna rekodi yake ambayo hamjaigusa. Chuoni, Oklahoma State, 1988, yadi 2,628 katika mechi 11. Haijavunjwa mpaka leo, na siku hizi wanacheza mechi nyingi zaidi. Wakati huo hawakuhesabu mechi ya "bowl", ile ya ziada ya mwisho wa msimu, ambako aliongeza 222. Misimu miwili kabla ya hapo alikuwa benchi nyuma ya Thurman Thomas. Tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, aliyoshinda yeye, ilipotangazwa yuko Tokyo, timu imeenda kucheza huko. Hakufurahia hata ile kuonyeshwa kwenye kamera.

#43 mpwa_wa_Lubumbashi
Na siku ya kuchaguliwa 1989, pale timu za ligi zinapochukua wachezaji wapya kwa zamu, alikuwa wa tatu. Mbele yake Troy Aikman, sawa. Lakini wa pili Green Bay walimchukua Tony Mandarich, wakamwacha Barry! Fikiria Barry na Favre timu moja.

#44 Bonde_la_Ufa
Usiniharibie usiku.

#45 Ngwasuma06
Wale wazee wangu wa kazini wamepunguza hasira lakini. Septemba 2023 walimwekea sanamu nje ya uwanja wa Ford Field, naye alifika, anacheka. Mzee mmoja alipiga picha nayo, kaiweka kwenye kabati lake la nguo za kazi. Nilimuuliza, umemsamehe? Akanijibu bado, lakini alikuwa anakimbia vizuri.

#46 Kipchumba_Eldy
Sasa mmeniambukiza. Lions wanaonekana saa ngapi kwa saa zetu?

#47 Ngwasuma06
Mechi nyingi za Jumapili ni usiku kwenu. Ila kuna ile ya Alhamisi ya Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, wameanza kuicheza nyumbani tangu 1934. Huku ni mchana, huko kuanzia saa mbili na nusu usiku, saa tatu hivi. Kwenye hiyo ya 1997 Barry aliwapiga Chicago yadi 167 na kuingia na mpira eneo la mwisho mara tatu.

#48 Chuma_cha_Mjerumani
Emmitt bado ni bora. Nimemaliza.

#49 Bonde_la_Ufa
Umemaliza nini? Mweke Emmitt nyuma ya ukuta wa Detroit ya 1998 uone kama anafika 2002 akiwa anatembea. Njoo hapa.

#50 Mzee_wa_Tandale
Mods msifunge uzi, naenda kununua bando.